Dawa za Shangazi

Sikuwa nimewahi kufika Lamu, ingawa nusu ya ukoo wetu imezikwa huko. Safari hii nilitumwa. Binamu yangu wa Muscat alinunua dawa za mama yake, shangazi yangu, zikafika Mombasa kwa mkono wa msafiri, kilichobaki ni kuzivusha: donepezili ya miligramu 10, ya kutosha miezi kadhaa.

Basi lilipita Malindi, likavuka mto Tana pale Garsen, na kwenye vizuizi vya polisi tukashushwa, vitambulisho mkononi. Askari mmoja alisoma boksi akauliza ni dawa ya nini. "Ya maradhi ya kusahau," nikamjibu. "Basi nipe na mimi," akasema, na abiria wakacheka. Mzee mmoja akanishauri habasoda na asali. Mokowe tulipanda boti, na muda si mrefu nilikuwa kwenye vichochoro ambamo punda akija na mzigo, mtu hujibana ukutani.

Shangazi alikuwa amelazwa chumba cha chini. Huyu ndiye aliyekuwa akija Mombasa na kugombeza watu wazima mpaka wakaoga. Sasa hutoa neno moja moja, hakai bila kuegemezwa, na uji mwepesi humpalia. Homa ya mapafu ilikuwa imemwacha mifupa mitupu.

"Ahsante kwa kuzileta, kaka," binti yake aliniambia. "Lakini anayemfungua kinywa ni mimi. Kidonge hukitema. Akikimeza, chakula hakimkai."

Alasiri alikuja muuguzi wa tiba shufaa, ambaye mtaa mzima humwita daktari. Hakuanza na dawa. Alimshika mkono akahesabu mapigo, akakunja uso kidogo: yalikuwa ya polepole. Akamuuliza binti mambo ambayo sisi wengine hatukuwahi kumuuliza: analala saa ngapi, anakula vijiko vingapi, anashtuka akiguswa wapi. Kisha akaeleza. Donepezili haizuii dimenshia; huongeza kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari, na seli zikishakufa kwa wingi kazi yake hupungua. Kemikali hiyohiyo iko tumboni na moyoni, ndiyo maana dawa yaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha, kukosa hamu ya chakula na mapigo ya polepole.

Nilidhani mambo yamekwisha, lakini hakutuachia njia rahisi. Utafiti mmoja wa Uingereza, uliochapishwa 2012, uliwafuata wagonjwa 295 waliokuwa katika hatua ya kati au kali, wakiishi majumbani. Walioendelea na dawa hii walikuwa na nafuu kuliko walioachishwa. Kwa hiyo kuacha tu kwa sababu ugonjwa umekua si sahihi. Lakini Shangazi, alisema, ameshapita hapo: kumeza kwenyewe kumekuwa adhabu.

Ami yetu mkubwa, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Tukiikata, si tumemuua?"

"La, mzee. Ugonjwa utakwenda mwendo wake, apewe asipewe. Tunachoangalia ni kinachomsumbua leo."

Daktari wa Mombasa alipigiwa simu akaafiki: miligramu 5 kwa wiki 4, kisha ziachwe. Zikatwe hatua kwa hatua, na akianza kuhangaika au kuona visivyokuwepo, dawa irudishwe. Ya maumivu na ya kulainisha choo zibaki.

Muscat ndiko kulikokuwa kugumu. Binamu alifoka, kisha akanyamaza, kisha akauliza kama fedha zake zote zimepotea bure. Sikumlaumu. Aliye mbali hana kijiko mkononi, ana risiti, na ukimwambia asitume tena ni kama umemfukuza chumbani. Nikamwambia kweli: miaka ya mwanzo mama yake aliweza kuvaa na kusali mwenyewe kwa muda, na huenda dawa ilichangia.

"Sasa nitume nini?" aliuliza mwishowe.

Muuguzi alikuwa ametaja godoro la hewa, maana ngozi ya mgongo ilikwishaanza kuwa nyekundu, na nepi za watu wazima. Binamu akalishika godoro. Atalitafuta kesho yake, la bei yoyote. Dada yake akaichukua simu mkononi mwangu.

"Godoro lije, kaka. Lakini kwanza tuma mshahara wa mtu wa kumkesha. Mimi sijalala."