Nusu Ekari Si Hatua 35 kwa 35

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kutembelea wakulima na kuwashauri. Vijijini kwetu ekari moja hupimwa kwa miguu: hatua 70 upande mmoja, hatua 70 upande wa pili. Hatua hizo ni ndefu. Kila hatua ni kama yadi moja, yaani sentimita 91. Wakulima wengi wanakijua kipimo hiki. Taabu huanza wanapotaka nusu ekari.

Mama mmoja alikodi nusu ekari apande mahindi. Mwenye shamba alihesabu hatua 35 kila upande. Alifikiri hivi: nusu ya 70 ni 35. Mama akalipa fedha za nusu ekari. Akanunua mbegu za nusu ekari. Alipomaliza kupanda, nusu ya mbegu ilibaki. Akaniita nipime.

Nilichukua kijiti, nikachora mraba chini. Mraba una pande nne zilizo sawa, na pembe zake zote ni sawa. Kupata eneo lake, zidisha upande kwa upande. 70 mara 70 ni 4,900. Hiyo ni ekari moja. 35 mara 35 ni 1,225. Gawa 4,900 kwa 1,225, utapata 4. Mama alikuwa amepewa robo ekari kwa bei ya nusu!

Mwenye shamba hakuwa mwizi. Alikata nusu pande zote mbili, na nusu ya nusu ni robo. Alipoona mchoro alikubali, akamwongezea mama sehemu iliyopungua.

Je, mraba wa nusu ekari una upande gani? Nusu ya 4,900 ni 2,450. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe utapata 2,450. Jaribu 40: utapata 1,600. Ni kidogo mno. Jaribu 50: utapata 2,500. Imezidi kidogo tu. Jaribu 49: utapata 2,401. Imepungua kidogo. Basi upande ni kati ya hatua 49 na 50.

Iko njia nyepesi zaidi. Acha upande mmoja uwe 70, kata nusu upande wa pili tu. 70 mara 35 ni 2,450. Huo si mraba, ni mstatili, lakini ni nusu ekari kamili.

Vibarua nao wasikilize. Shamba la hatua 140 kila upande si ekari 2. Ni ekari 4! Ukipalilia shamba hilo kwa malipo ya ekari 2, ekari 2 nyingine umepalilia bure.

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuhesabu. Peleka hesabu shambani. Kabla ya kutoa au kupokea fedha, pima pande, zidisha, kisha andika.