Kifurushi cha Usiku

Katika kipindi changu cha saa 1 asubuhi, nusu ya ukumbi husinzia. Wenzangu husema vijana wamelewa mitandao. Wamo waliolewa, sikatai. Hata hivyo, nilipowauliza wanafunzi wangu hulala saa ngapi, wengi walinijibu: kifurushi cha usiku kikiisha.

Kampuni za simu huuza intaneti ya usiku wa manane kwa bei ya chini kuliko ya mchana, kwa kuwa saa hizo mitambo yao haina wateja wengi. Kwa mwanafunzi anayegawanya fedha za mkopo kati ya chakula, vitini na nauli, maktaba hufunguliwa saa 6 usiku. Hupakua makala niliyomwagiza, kisha filamu, kisha huingia katika mabishano ya mpira (nani asiyeyajua?), hata adhana ya alfajiri ikamkuta macho makavu. Mwanga wa kioo cha simu nao huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Hivyo hata akiizima simu, usingizi hauji upesi.

Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi. Mwenye fedha hupakua mchana, akalala. Nimehudhuria vikao vingi kuhusu maadili ya vijana mitandaoni; sijasikia hata kimoja kikijadili bei ya intaneti wala mtandao wa uhakika mabwenini.

Kwa sasa makala za kozi naziweka katika flashi, na kiongozi wa darasa huizungusha chumba kwa chumba kabla ya jua kuchwa.