Vitunguu vilivyolala

Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, ibara ya 12, Papa Fransisko anakumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliagiza sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, ili maua ya porini yaote humo. Tulilisoma jambo hilo katika mkutano wetu, likatupendeza. Kulitenda ndiko kulikotutia aibu.

Huku Lubumbashi pori linazidi kupungua kwa ajili ya makala, matofali na migodi. Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea isiyoota mahali pengine popote duniani. Kilima kikichimbwa, nayo inapotea pamoja nacho. Hiyo hatukuigusa. Mwezi wa Septemba tulichukua tu vitunguu vya lile ua jekundu lenye umbo la mpira, Scadoxus multiflorus kwa jina la wataalamu, katika kiwanja kilichokuwa kikichimbwa msingi wa nyumba, kwa ruhusa ya mwenyewe. (Vina sumu, watoto wasivichezee.) Tukavipanda nyumbani kwa mmoja wetu, kando ya ukuta. Jirani alicheka: “Juu ya nini munapanda majani ya mu pori?”

Mvua zilipoanza maua yakachanua, na mengine tukayapeleka mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Kufikia mwezi wa Mei majani yalinyauka, yakatoweka. Ndivyo ilivyo mimea mingi ya nchi hii: huishi miaka mingi kwa kujificha ardhini wakati wa kiangazi, na mvua zikikaribia huamka. Sisi tulijua. Hatukumwambia mtu.

Mwezi wa Julai, siku ya salongo, kijana aliye mdogo kuliko wote katika kikundi alishika jembe, akalima pale palipoonekana patupu, ili tupande mchicha. Vitunguu vingi vilikatwa. Tulimkemea mbele ya wenzake, tena kwa maneno makali, sisi tuliokuwa tumetoka kuzungumza juu ya kutunza viumbe. Majuma matatu hakuonekana mkutanoni.

Jioni moja tulikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alitukaribisha. Yeye alibaki amesimama mlangoni.

“Ningejua namna gani?” aliuliza. “Hamukuweka hata jiwe.”

Hatukuwa na jibu.

Sasa mawe yapo, ameyapanga mwenyewe. Mvua za mwaka ule vitunguu viwili tu vilitoa majani, bila ua.