Yeye Anapenda Ukuta Mtupu, Mimi Nina Vikapu 14

Ukitaka kujua wapenzi wawili wanaelewana kiasi gani, usiwaulize nani anashika pesa. Waulize hivi: kiti kikivunjika mguu humo ndani, nani ana ruhusa ya kukitupa?

Kwetu swali hilo lilikaa miaka mitatu bila jibu. Mume wangu ni mtu wa nyumba tupu. Angeachiwa afanye atakavyo, sebuleni kungekuwa na kochi moja, mkeka mmoja na ukuta mweupe pe, basi. Mimi ni mkusanyaji. Nina vikapu 14 vya Iringa, vinyago vya Mwenge, picha ya Tingatinga yenye ndege wa rangi zote, vikombe vya udongo visivyofanana hata viwili, na kanga za marehemu mama yangu.

Tumepanga nyumba ya vyumba viwili, Tabata. Tulipojua kwamba tunatarajia mtoto, chumba cha pili, ambacho kwa jina ni cha wageni lakini ukweli ni stoo, kikageuka kesi.

"Hivi mke wangu, huyu mtoto tutamlaza kwenye kikapu?" aliniuliza. Mimi nilicheka. Mwenzangu wala hakuwa anatania.

Raha ya dumu

Mtindo wa vitu vichache si mgeni kwako, msomaji. Utakuwa umemsikia Marie Kondo, yule mama wa Kijapani aliyepata umaarufu dunia nzima kwa kitabu chake cha kupanga nyumba, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2014, na baadaye kipindi chake cha Netflix cha mwaka 2019. Ushauri wake ni rahisi: shika kila kitu mkononi, jiulize kama kinakupa furaha. Kama hakikupi, kishukuru na ukiage. Mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, mwenyewe alisema hadharani kuwa ile bidii ya kuweka nyumba nadhifu kila saa ameilegeza. Umepumua, siyo?

Ushauri wake una maana, lakini hebu ulete Dar. Shika dumu la lita 20, uliulize kama linakupa furaha. Haliwezi. Ila maji yakikatika siku mbili, ni dumu hilo hilo litakalokuogesha uende kazini. Kutupa ni starehe ya mtu mwenye uhakika: bomba litatoa kesho, duka lipo, na pesa ya kununua kingine ipo. Wengi wetu tulilelewa na watu wasio na uhakika huo. Ndiyo maana mama zetu waliosha makopo ya siagi na kuyapanga kabatini kama vyombo vya sherehe.

Nyuma ya kila kitu kuna mtu

Mume wangu alikulia Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi mrefu katikati, wapangaji kila mlango. Kwao walikuwa na vyumba viwili na watoto saba. Usiku meza inasukumwa ukutani, mikeka inatandikwa, asubuhi inakunjwa. Hakuwahi kuwa na kona ya kusema hii ni yangu. Kwake ukuta mtupu ni pumzi, hana habari na magazeti ya mapambo.

Mimi nilikulia kwenye uhamisho. Baba alikuwa mtumishi wa serikali: leo Songea, kesho Singida, keshokutwa Bukoba. Kila lori lilipopakiwa kuna vitu vilibaki, na mama aligawa vyombo vyake kwa majirani huku akijifanya hajali. Alipofariki tuligawana kanga zake baada ya msiba, mimi nikapata doti nane. Kila nikinunua kikapu, nadhani namrudishia kitu.

Kwa hiyo ule ugomvi wetu haukuwa wa mapambo hata kidogo. Mwenzangu alidai nafasi aliyokosa utotoni, nami nilidai vitu vilivyoachwa njiani. Tulipoambiana hivyo, kwa maneno hayo hayo, ndipo sauti zikashuka.

Mkusanyiko au mrundikano?

Watafiti wawili wa Marekani walichapisha mwaka 2010 utafiti walioufanya kwa wanandoa wenye watoto na kazi huko Los Angeles. Kila mmoja aliombwa aitembeze kamera ndani ya nyumba yake huku akieleza anachokiona. Wanawake walioitaja nyumba kwa maneno ya mrundikano na kazi zisizokwisha walikuwa na mwenendo mbaya zaidi wa homoni ya msongo wa mawazo, kortiso, kutwa nzima. Kwa wanaume hali hiyo haikujitokeza kwa nguvu hiyo. Kilichonigusa ni kwamba kipimo hakikuwa idadi ya vitu, bali maneno waliyoyatumia kuvielezea.

Nikajaribu mwenyewe, bila kamera. Niliingia chumba cha pili nikawa nakitaja kila kitu kwa sauti. Vikapu vilikuwa na hadithi: huyu aliyenisukia, safari ile. Halafu nikafika chini ya rundo. Chaja za simu zilizokufa, boksi la tivii, feni isiyozunguka, kadi za michango ya harusi za watu walioshazaa watoto wawili. Hivyo havikuwa na hadithi. Kila kimoja kilisema tu: "Utanishughulikia baadaye." Mrundikano ndio huo, maamuzi yaliyoahirishwa.

Dawa ilikuwa pwani

Ukiingia nyumba za mawe za zamani, Lamu kwa mfano, utaona zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyojengwa ukutani, safu juu ya safu, ambamo watu walipanga sahani za kauri kutoka ng'ambo. Ukuta umejaa, sakafu imebaki huru. Na kidaka hakiongezeki. Ukitaka sahani mpya ionekane, lazima ya zamani itoke.

Tukaenda Keko kwa fundi seremala, akatutengenezea shelfu la ukuta mmoja lenye vyumba 20. Ukuta huo ni wangu. Kuta nyingine tatu za sebule ni za mume wangu, na sizigusi. Kikiingia kipya, kimoja kinatoka. Vikapu sita nimewagawia wifi zangu, ambao wanavitumia kweli. Dumu limebaki jikoni, halina mjadala.

Mtoto wetu ana miezi minne sasa. Doti moja ya mama ndiyo mbeleko yake.

Nawe na mwenzi wako mkifikia hapo, anzeni na vile visivyo na hadithi. Hivyo haviumizi mtu, na chumba kitapumua mapema. Vitu vya mwenzio usivitupe akiwa kazini, hata kama ni takataka machoni pako. Muulize kwanza vilitoka kwa nani, halafu kaa umsikilize mpaka amalize.