Mgeni Aliyemwangusha Mwenyeji

Wazee wamesema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walakini mwaka huu, katika chumba cha kompyuta cha shule yetu, tulikuwa na mgeni ambaye kila akiamka mwenyeji huanguka. Nimeona yafaa kuwaandikia habari hii wanafunzi wenzangu, na wakubwa wetu waliokwisha maliza shule, maana ina faida kwa kila mtu atengenezaye kitu kilichoharibika.

Kwanza nieleze mgeni huyo ni nani. Kompyuta moja yaweza kubeba nyingine ndani yake, isiyo na chuma wala waya, bali programu tupu. Huitwa mashine pepe. Diski yake kwa kweli ni faili moja kubwa, na nafasi yake ya kufanyia kazi ameiazima kwa ile kompyuta imbebayo. Mafundi huiita hiyo ya ndani mgeni, na ya nje mwenyeji. Ufundi huu si wa jana: kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, na tangu miaka ya 2005 na 2006 Intel na AMD wametia katika prosesa zao amri maalum za kuwahudumia wageni wa namna hii.

Sisi tuko Butare ya Rusizi, pande za Cyangugu ya zamani, wala si ule mji wa Butare uitwao sasa Huye. Kompyuta yenye nguvu tunayo moja tu, nayo hutumia Linux. Ndani yake aliishi mgeni aliyetunza daftari la maktaba na kazi zote za mazoezi za mwaka wa sita. Baada ya likizo mwenyeji alijisasisha mwenyewe, kama alivyopangiwa. Tangu siku hiyo, tukimwasha mgeni, dakika mbili hazipiti: skrini yaganda, kisha kompyuta nzima yazimika na kuanza upya.

Maneno yakawa mengi. Mmoja alisema ni umeme, mwingine akasema joto. Wa tatu akasema, "Mwalimu, tufute vyote tuanze upya." Neno hilo liliwatisha wa mwaka wa sita, maana mtihani wa taifa ulikuwa karibu na kazi zao hazikuwa na nakala nyingine. Mwalimu akajibu, "Wanangu, kwanza tuokoe mali, kisha tumtafute mwizi." Basi, mgeni akiwa amezimwa, tukainakili faili ya diski yake katika diski ya nje. Hapo mioyo ikatulia.

Kisha tukaanza kuuliza swali moja moja. Je, mwenyeji huanguka akiwa peke yake? Tulimwacha akifanya kazi usiku kucha bila mgeni, hakuanguka. Je, ugonjwa umo ndani ya mgeni wetu? Tulitengeneza mgeni mpya, mtupu. Naye akamwangusha vile vile. Basi mgeni wetu hakuwa na hatia. Je, ni lile sasisho? Linux aghalabu huhifadhi kiini cha zamani pamoja na kipya. Tukaiwasha kompyuta kwa kiini cha zamani, na mgeni akaamka, akafanya kazi saa tatu bila taabu. Mwisho tukasoma kumbukumbu za mfumo. Mistari ya mwisho kabla ya kila anguko ilitaja draiva ile ile: ya programu iwabebayo wageni.

Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Programu ya kawaida ikikosea, hufa peke yake, kwa kuwa kiini huilinda kompyuta kwa ukuta. Lakini draiva hukaa ndani ya ukuta huo, na kosa lake huangusha nyumba nzima. Kiini kilikuwa kipya, draiva ilishonwa kwa kipimo cha kile cha zamani. Kamba hukatika pabovu. Dunia ililiona jambo la jamii hii tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, iliyokuwa na draiva yake ndani ya kiini cha Windows, lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, hata safari za ndege zikakwama.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko hofu yetu. Tuliondoa programu ile, tukaweka toleo jipya lililotengenezwa kwa kiini kipya. Mgeni na mwenyeji sasa wanakaa kwa amani, na wa mwaka wa sita walimaliza kazi zao.

Ndugu zangu, afutaye vyote huenda akapona ugonjwa, lakini hatajua uliitwaje, nao ukirudi utamkuta vile vile. Abadilishaye jambo moja kwa wakati mmoja huchelewa kidogo, walakini hujua. Nasi tumeweka desturi: kila Ijumaa nakala ya mgeni huenda katika diski ya nje, na hakuna sasisho litiwalo kabla ya nakala hiyo kukamilika.