Wekesa Nambari Mia

Ita "Wekesa!" pale sokoni Sirisia uone bodaboda wangapi watageuka. Kwetu Wabukusu ni jina la mvulana aliyezaliwa wakati wa mavuno. Msichana ni Nekesa. Lakini Wekesa aliyewahi kuwa nambari 100 duniani katika tenisi ni mmoja tu, Paul, mwaka 1995. Mimi hata sikuwa nimezaliwa.

Nilipomsimulia mjomba, akauliza, "Mia? Na hao tisini na tisa je?"

Swali hilo nalijua. Tangu niache chuo niishi kwa kuandika, kila Desemba nyumbani naulizwa lini nitakuwa mtu.

Sasa hebu tupige hesabu. Mashindano makubwa kama Wimbledon yana nafasi 128 za wanaume, na kama mia moja na kidogo hivi huingia moja kwa moja kwa kufuata orodha ya dunia. Nambari 100, uko ndani. Hata ukichapwa mechi ya kwanza, unalipwa. Nambari 150, unaanzia kwenye mchujo. Wekesa alifika hapo, na juu yake akabeba mataji matatu ya ATP ya wawili wawili.

Angella Okutoyi aliposhinda Wimbledon ya chipukizi 2022, wawili wawili na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, simu zetu zilijaa pongezi. Vizuri sana. Taji hupigwa picha; nambari mia, nani ataipiga?

Yangu ingekuwa hivi: tarehe tano, kodi imelipwa, na sijampigia mjomba.