Umeniuliza Nimeyatoa Wapi?

Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, nilikuwa mwanafunzi wa afya, niko Kariakoo kwa mafunzo kwa vitendo. Kila asubuhi tulipita vichochoro vya nyuma ya soko tukiwafungia mama lishe waliopika nje. Nilimwaga chakula cha watu, na usiku nililala nikiamini nimeokoa maisha.

Mtaa wa Sikukuu, mama mmoja alinitazama nikipindua ndoo yake ya maji. Hakupaza sauti.

“Mwanangu, mwaga tu. Lakini umeniuliza nimeyatoa wapi?”

Sikuwa nimemuuliza. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Darasani nilikariri habari za John Snow, daktari wa London aliyefuatilia vifo vya mwaka 1854 hadi kwenye pampu ya Broad Street, wala sikutia akilini kwamba alifika pale kwa kugonga milango na kuuliza watu wanateka wapi.

Kesho yake nilirudi kumwomba radhi, kisha tukayafuata maji. Dumu la lita 20 liliuzwa na kijana wa mkokoteni. Kijana alichota kwenye kisima cha uani, katika nyumba ya wapangaji. Kutoka kisimani hadi choo cha shimo nilihesabu hatua kumi na moja. Tukatia kidonge cha kupimia: maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi. Yale yalibaki vilevile. Watoto wa ule ua walikuwa wakiyanywa, na tungeweza kufunga vibanda vyote vya Kariakoo wakaendelea kuyanywa.

Nilipompa mama vidonge vya kutibu maji, alinisimulia habari za mwaka 1973, akiwa binti kijijini, katika kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya: redio katikati, mmoja anawasomea wenzake kitabu, halafu wanajadiliana hadi wakubaliane vyoo vichimbwe wapi. Watu wazima kama milioni 2 walishiriki kampeni ile. Kwangu ilikuwa aya moja ya kujibia mtihani.

“Sisi tulikalishwa tukasema,” aliniambia.

Siku hizi nikifika kibandani naomba kiti, nasubiri wateja wahudumiwe. Swali langu la kwanza ni maji yanatoka wapi. La pili ni bei ya dumu, maana ikipanda, watu hurudi kwenye visima vya uani.